Akii-Bua: Mguu wowote, kiunzi chochote

Kwenye soka, mchezaji anayetumia miguu yote miwili hana wa kumlaumu. Beki hajui amzibe upande gani na kocha anampanga popote. Straika anayekosa bao la wazi kwa sababu mpira umemkuta kwenye mguu usio wake, mashabiki wa Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya hawamwachi salama. Utani wao unajulikana: mguu ule ni wa kupandia daladala tu.

Kwenye mbio za kuruka viunzi mambo yalikuwa kinyume. Darasa la makocha wengi lilikuwa moja: chagua mguu mmoja wa kutangulia, uzoeshe, uoe kabisa, usiuache mpaka ustaafu. Anayetangulia na wa kushoto hapa na wa kulia pale alionekana kama mtu aliyejifunzia porini, anaruka ilimradi kavuka.

Basi akatokea askari polisi kutoka kaskazini mwa Uganda, anaruka kwa mguu wowote utakaofika kwanza, akaenda kuvunja rekodi ya dunia akiwa kwenye njia ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka. Jina lake John Akii-Bua.

Ubishi aliouacha haukuwa mdogo. Ili uonekane vizuri, kwanza hesabu.

Mita 400 kuruka viunzi ina viunzi kumi, kila kimoja na urefu wa sentimita 91.4 kwa wanaume. Kutoka mstari wa kuanzia mpaka kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 35. Ukivuka cha kumi zimebaki mita 40 za kufa na kupona. Ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja, kona mbili, na kila hatua inahesabiwa.

Anayekwenda hatua 13 kati ya viunzi viwili anahitaji hatua ndefu, kama mita 2 na sentimita 40 kila moja, tena bila kupunguza hata pale mapafu yanapowaka moto. Anayekwenda hatua 15 anatembea kwenye mita 2 na sentimita 10 hivi. Sasa angalia hesabu za shule ya msingi zinavyoingia hapa: 13 na 15 ni namba witiri, kwa hiyo ukiruka kwa mguu wa kushoto, kiunzi kinachofuata nacho utakifikia na wa kushoto. Ukikanyaga 14, namba shufwa, mguu unageuka. Kiunzi hiki kushoto, kinachofuata kulia, kinachofuata kushoto tena.

Hapo ndipo wataalamu walipogawanyika.

Kundi la kwanza lilishikilia mguu mmoja, hasa wa kushoto, na sababu yao ilikuwa na uzito. Mbio za uwanjani zinazunguka kuelekea kushoto. Anayetangulia na mguu wa kushoto anaweza kuukumbatia mstari wa ndani kwenye kona, akakata njia fupi. Anayetangulia na wa kulia, mguu wake wa nyuma ndio wa kushoto, upo upande wa ndani, na akikaa karibu sana na mstari mguu ule unaweza kupita pembeni ya kiunzi, chini ya ubao. Hiyo ni kuondolewa mashindanoni. Kwa hiyo analazimika kukimbilia katikati ya njia, anaongeza umbali ambao wenzake hawakimbii. Ukibadilisha miguu, walisema watu wa kundi hili, unajitafutia tabu hiyo kwa hiari yako kila kiunzi cha pili.

Kundi la pili lilijibu kwa swali. Mkimbiaji ameanza na hatua 13, amechoka, hatua zimefupika, 13 haziwezekani tena. Afanye nini? Kwa darasa la zamani anaruka moja kwa moja kwenda 15. Maana yake anafupisha kila hatua kwa zaidi ya sentimita 30 ghafla, kama dereva wa lori anayekanyaga breki katikati ya mteremko wa Mlima Nyoka. Kasi yote aliyoitafuta inapotea. Kumbe angekuwa na miguu miwili inayojua kazi, angeshuka taratibu: 13, halafu 14, gari linaenda.

Kwenye karatasi kila upande ulikuwa na haki yake. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kukaa miezi na miezi akiufundisha mguu wa pili, huku akijua kwamba wengi wanaona anapoteza muda.

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949 huko Lango, eneo la Abako, katika familia ambayo kuhesabu ndugu tu lilikuwa zoezi. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi na watoto 43. Nyumba kama hiyo haikosi timu ya mpira, inatoa hadi marefa. Mtoto John alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa huko. Baba alipofariki shule ikakatika mapema, akaenda kufanya kazi ya kupokea fedha kwenye baa mjini Lira, kisha akajiunga na polisi.

Wana Mbeya hawahitaji kuelezwa sana michezo ya majeshi inavyokuwa. Wameiona kwa Tanzania Prisons miaka nenda rudi: mwajiri ni serikali, mazoezi ni amri, kuchoka ni kosa la nidhamu. Polisi ya Uganda ilikuwa hivyo hivyo, na kule Akii-Bua alimkuta Jerom Ochana, polisi mwenzake na mrukaji viunzi aliyekuwa na jina Afrika.

Ochana hakuwa mtu wa kubembeleza. Tatizo la vijana wengi wanaoanza viunzi ni kuruka juu kama wanavuka mtaro, badala ya kupita karibu na ubao. Kila sentimita ya kwenda juu ni muda unaopotea hewani. Dawa ya Ochana ilikuwa kuweka ufito mwingine juu ya kiunzi. Ukipanda sana unagonga kichwa. Akii-Bua aligonga, akatoka damu, kovu likabaki kwenye paji la uso. Lakini alijifunza kupita katikati ya tundu lile, chini ufito huku, juu ufito kule, kama barua inayoingizwa kwenye sanduku la posta.

Wakati huo alikuwa anakimbia mita 110 kuruka viunzi. Kule hakuna ubishi wa miguu. Hatua ni tatu kati ya kiunzi na kiunzi, mguu ni ule ule, mchezo umekwisha. Angebaki huko pengine angekuwa bingwa wa ukanda huu na habari yake ingeishia kwenye kurasa za ndani za magazeti ya Kampala.

Mwaka 1968 Uganda ikampata kocha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold. Baadaye sana Arnold atakuja kumfundisha Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 viunzi mwaka 1993, lakini wakati ule alikuwa kocha kijana asiyejulikana. Alimwangalia Akii-Bua, akaona mwili mrefu, mapaja ya nguvu na pumzi ya mchunga ng'ombe, akamshawishi ahamie mita 400. Inasemwa kirahisi, lakini ni sawa na kumtoa kipa umpeleke winga.

Mwaka huo huo, Oktoba, dunia ya viunzi ilipata mfalme mpya. David Hemery wa Uingereza alishinda Olimpiki ya Mexico kwa sekunde 48.12, rekodi ya dunia, na aliwaacha wenzake mbali mno. Hemery alikwenda hatua 13 mpaka kiunzi cha sita, kisha akashuka 15. Mguu mmoja mwanzo mwisho. Baada ya pale nani angebisha? Kitabu kilikuwa kimeandikwa, na aliyekiandika alikuwa na medali shingoni.

Ila wapo waliosema hewa ya Mexico ilimsaidia. Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 na wageni kutoka Dar es Salaam wanaokuja kukimbia wanalijua jambo hilo kifuani mwao. Hewa nyepesi inawatesa wa mbio ndefu, lakini kwa mtu anayekimbia mzunguko mmoja tu inampunguzia upinzani wa upepo. Swali likabaki: je, rekodi ile inaweza kuguswa bondeni?

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kesi yake kule Mexico. Mkenya Amos Biwott alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa mtindo uliowaacha wajuzi midomo wazi. Wenzake walikanyaga juu ya kiunzi cha maji kisha wakatua dimbwini. Yeye aliruka kiunzi na dimbwi lote, anatua pakavu. Waliotazama hawakujua wacheke au wapige makofi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanariadha wa huku: wakishinda, inasemwa ni nguvu za kuzaliwa nazo, ufundi hawana. Ni kauli iliyowachosha wengi, na kwa Akii-Bua ilikuwa ya uongo mtupu, maana mtu huyu ufundi aliulipia kwa damu ya paji la uso.

Mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, alishika nafasi ya nne. John Sherwood wa England alichukua dhahabu, William Koskei aliyekuwa akikimbilia Uganda akachukua fedha, na shaba ikaenda Kenya. Yaani hata ndani ya timu yake mwenyewe hakuwa namba moja. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Afrika dhidi ya Marekani mjini Durham, North Carolina, alikimbia sekunde 49.0, muda bora duniani kwa mwaka huo. Hata hivyo watabiri wengi wa Munich hawakumpa dhahabu. Walimtazama Hemery, walimtazama Mmarekani Ralph Mann.

Yeye na Arnold walirudi kazini. Mazoezi yake ya miezi ile yanatisha hata kuyasimulia. Alivaa kizibao chenye uzito wa kama kilo 11, akakimbia mizunguko mingi juu ya viunzi virefu kuliko vile vya mbio zake, akapanda vilima vya Kampala. Na humo humo mguu wa pili ukawa unafundishwa. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka mwili uache kuuliza.

Lengo halikuwa kuonyesha sarakasi. Mpango ulikuwa kuanza na hatua 13 kama wakubwa wote, na uchovu ukifika, badala ya kudondokea 15, aingie 14. Mguu wowote utakaokutana na kiunzi ndio utakaovuka.

Fainali ilikuwa Jumamosi, Septemba 2, 1972. Upangaji ukampa njia namba moja.

Kwa mtu wa soka njia namba moja haisemi kitu, lakini mrukaji viunzi akisikia hivyo anaguna. Ni njia ya ndani kabisa, kona zake ndizo zenye mkunjo mkali kuliko zote. Mwili unavutwa nje, mguu wa ndani unabeba mzigo, na kwa mtu anayebadilisha miguu ndiyo mahali pabaya pa kutangulia na wa kulia. Kama kuna siku ambayo kundi la mguu mmoja lilipaswa kuthibitishwa, ni ile.

Faida ya njia ya kwanza ni moja tu. Kwa sababu wakimbiaji wanapangwa kwa kupishana, wa ndani anawaona wote walioko mbele yake. Hakuna wa kumshtukiza.

Bunduki ikalia. Hemery akatoka kama alivyotoka Mexico, kwa kasi ya mtu anayetaka kuumaliza ubishi kabla ya nusu ya safari. Hilo nalo lilikuwa suala la mtindo: kuna wanaoamini mita 200 za mwanzo ziliwe zote, na kuna wanaoweka akiba. Hemery alizila. Akii-Bua hakumkimbilia. Alivuka viunzi vyake, 13, 13, macho mbele, anaona migongo.

Kwenye kona ya pili ndipo mbio hizi zinapouma. Miguu inaanza kuwa mizito, hatua zinafupika bila ruhusa, na kiunzi kinakuja mahali ambapo hukukitarajia. Wengi hapo huanza kudokoa hatua, wanajipanga upya, wanasimama hewani. Mganda akabadilisha gia. Mguu ukageuka, kisha ukageuka tena, wala hukuona breki. Walipoingia mita mia moja za mwisho alikuwa ameshamfikia mfalme wa Mexico, na kutoka hapo ikawa ni mbio ya mtu mmoja.

Sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya 48. Rekodi ya Hemery iliyosemwa ilibebwa na hewa ya mlimani ilikatwa sehemu 30 za sekunde, kwenye mji ulio karibu mita 520 tu juu ya bahari, kwenye njia ya kwanza. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51 na Hemery wa tatu kwa 48.52.

Halafu akafanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida. Hakusimama. Aliendelea kukimbia na kuruka, akiuzunguka uwanja huku watu wakimshangilia. Mzunguko ule wa heshima unaofanywa na kila bingwa siku hizi, na bendera begani, wengi wanauhesabia kwake. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda.

Sifa hazikukaa sana kwenye vyombo vya habari. Siku tatu baadaye, Septemba 5, wanamgambo wa Kipalestina walivamia kijiji cha wanamichezo, na Waisraeli 11 wakauawa. Dunia haikuwa tena na habari ya viunzi.

Nyumbani Rais Idi Amin alimpandisha cheo, akapewa nyumba na barabara ya Kampala ikaitwa jina lake. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila moja na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971 na aliyekuwa akiishi uhamishoni Dar es Salaam. Wiki mbili tu baada ya fainali ya Munich wafuasi wa Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania, wakashindwa, na kuwa Mlango kukazidi kuwa hatari. Watu wa kwao waliuawa kwa wingi, ndugu zake wakiwamo. Medali ilimlinda yeye na wakati huo huo ilimfunga. Bingwa wa dunia anayeangaliwa kila anapotaka kusafiri hawezi kufanya mazoezi kama mtu huru.

Hata hivyo mwaka 1973 alikwenda Lagos kwenye Michezo ya Afrika na kushinda kwa sekunde 48.54.

Na huko mbele, Marekani, alikuwa anakua mtu wa kumjibu. Edwin Moses, mwanafunzi wa fizikia wa chuo cha Morehouse, alianza viunzi vya mita 400 kwa uzito mwaka 1976 na akaleta hoja ya tatu kwenye ubishi. Moses hakutaka 15, wala hakutaka 14. Hatua zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba alikwenda 13 kutoka kiunzi cha kwanza mpaka cha kumi. Kwa nini ujifunze kubadilisha mguu, wakati unaweza kujifunza kutochoka?

Hii ndiyo mechi iliyotakiwa kuchezwa. Miguu miwili dhidi ya mguu mmoja, hatua zinazobadilika dhidi ya hatua zisizobadilika, bingwa dhidi ya mgeni, Montreal, Julai 1976.

Haikuchezwa. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand izuiwe Olimpiki, ikakataliwa, na zaidi ya nchi 20 zikaondoka. Uganda ilikuwamo. Tanzania ilikuwamo pia, na wazee wetu wanaikumbuka hadi leo kwa sababu ya Filbert Bayi na John Walker wa New Zealand huyo huyo. Bayi naye alikuwa na ubishi wake wa ufundi: mbio za mita 1,500 alizikimbia kutokea mbele, tangu bunduki inapolia, wakati wakubwa walifundishwa kujificha nyuma na kufyatuka mwishoni. Christchurch 1974 alimshinda Walker hivyo hivyo na kuvunja rekodi ya dunia. Montreal ilikuwa marudiano. Walker alishinda dhahabu bila Bayi, Moses alishinda dhahabu bila Akii-Bua. Uamuzi ulikuwa wa haki, Afrika Kusini ile haikustahili mchezo wala salamu. Lakini gharama walilipa vijana wawili wa Afrika Mashariki, na hakuna aliyewarudishia.

Moses alikimbia 47.64. Rekodi ya Mganda ikaondoka kwa sehemu 18 za sekunde, mwenyewe hayupo uwanjani. Wapo wanaosema Moses angeshinda tu, na wana hoja: mshindi wa pili, Mike Shine, alikuwa zaidi ya sekunde nzima nyuma. Lakini hiyo pia ni hoja ya upande wa pili. Mtu anayekimbia peke yake mbele hatujaona akiulizwa swali kwenye kona ya pili na mtu anayeshuka 14 bila breki.

Kutoka 1977 hadi 1987 Moses alishinda mbio 122 mfululizo na hatua 13 zikawa ndiyo dini.

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala, Aprili 11, na wapo wazee Mbeya hii hii waliokuwa kwenye safari ile. Katika vurugu za siku hizo Akii-Bua alikimbia na familia yake kwenda Kenya. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini, anapanga foleni ya chakula kama wengine. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomtoa, ikampa kazi Ujerumani, Bavaria, jimbo lile lile ambalo mji wake mkuu ni Munich.

Mwaka 1980 alijaribu tena kwenye Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 30, na miaka ya mazoezi iliyopotea hairudi kwa kizibao cha uzito. Aliishia nusu fainali. Dhahabu ilikwenda kwa Volker Beck wa Ujerumani Mashariki kwa sekunde 48.70, muda ambao Akii-Bua wa Munich angekuwa ameshavuka mstari zamani. Michezo hiyo hiyo Watanzania wanaikumbuka kwa furaha, maana Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha.

Miaka ya 1980 alirudi Uganda, akaendelea na polisi na kufundisha riadha. Hakuwa tajiri. Vijana wa Kampala waliompita barabarani wengi hawakumjua.

Agosti 1992, Barcelona, Mmarekani Kevin Young akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 47. Alikimbia 46.78, rekodi ya Moses ikaisha, na wajuzi waliporudia mkanda na kuhesabu hatua wakakuta kitu cha kushangaza. Kuingia kiunzi cha nne Young alikanyaga hatua 12. Kuingia cha tano, 12 tena. Namba shufwa. Mguu uligeuka, kisha ukageuka tena, akarudi kwenye 13 zake kama hakuna kilichotokea. Dini ya mguu mmoja ilikuwa imevunjwa kwenye mbio bora kuliko zote zilizowahi kukimbiwa mpaka siku ile, kwa mbinu ambayo askari polisi wa Uganda aliizoea miaka 20 nyuma.

John Akii-Bua alifariki Juni 20, 1997 mjini Kampala, akiwa na miaka 47, na serikali ikamzika kwa heshima za kitaifa.

Miaka 18 baada ya mazishi hayo, kwenye mashindano ya dunia ya Beijing 2015, Mkenya Nicholas Bett alishinda viunzi vya mita 400 akiwa njia namba tisa, ya nje kabisa, ile ambayo humwoni mtu. Muda wake ulikuwa sekunde 47.79. Alimzidi Akii-Bua wa njia namba moja kwa sehemu tatu za sekunde.